Mbwa na Ufuko Wetu: Kutoka Horohoro Hadi Pangani



Kila msimu wa harusi unapoingia, kuna swali hutujia kutoka kwa mabibi harusi wanaovuka kwenda bara. Anayeolewa Tanga, Mkinga au Pangani, au aliyepangiwa fungate kwenye fukwe za Ushongo, huuliza: huko mbwa wanapita ufukweni, tutatembeaje na mabuibui yetu? Sala zetu zitakuwaje? Na yupo kila mara anayeongeza: si ndiyo Pangani hiyo waliyopigana na Wajerumani kwa sababu ya mbwa?

Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tukae kuandika. Kisa cha mbwa wa Pangani wengi wetu tumekisikia tangu utotoni, na tumekibeba kama ushahidi kwamba Muislamu wa pwani na mbwa hawapatani kabisa. Tukikitazama vizuri, kinasema jambo jingine. Wazee wa pwani hii hawakumfanya mbwa adui. Walimwekea mahali pake, wakamwekea na adabu zake. Kilichowachoma mwaka ule ni mtu aliyepavunja mahali hapo kwa dharau. Sisi tulipoacha kuona tofauti hiyo, tulibaki na mawe mkononi, na hasara yake visiwani mwetu tumeiona.

Njia yenyewe

Tuanzie mpakani. Horohoro ni mji mdogo wa wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, unaotazamana na Lunga Lunga ya Kenya. Watu wengi huujua kwa foleni ya malori na mihuri ya pasi, lakini mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa kugawana nchi uanzie kwenye mlango wa mto Umba, kisha upande kuelekea ziwa Jipe na Kilimanjaro. Mto huo unashuka kutoka milima ya Usambara na kumwaga maji yake karibu na Vanga. Wadigo, Wasegeju na Wavumba, waliokuwa wakioana, wakizikana na kusomeshana Qur'ani pande zote za mto, wakajikuta siku moja ni watu wa dola mbili.

Kutoka Horohoro hadi mjini Tanga ni kilomita 65 hivi za lami. Ukienda kusini, bahari iko mkono wako wa kushoto, nyuma ya minazi, mihogo na mikoko. Huko ndiko viliko vijiji vya Jasini, Moa, Manza na Kwale. Ukipita Tanga unafika Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani. Kisha Pangani yenyewe, mji wa mlango wa mto, na ng'ambo ya mto, mbele kidogo, Ushongo yenye mchanga mweupe ambao maharusi wa siku hizi huupenda kwa picha.

Katika njia yote hiyo mbwa utawaona. Utawaona pembezoni mwa mashamba ya mihogo, na utawaona madikoni wakati mashua zinaporudi na samaki wanaparwa magamba. Hawakuletwa na watalii.

Mbwa alikuwako tangu awali

Ushahidi wa kwanza tunao kinywani. Neno *mbwa* si la Kiarabu wala la Kizungu. Waganda husema *embwa*, Wanyarwanda *imbwa*, na watu wa Kongo wasemao Kilingala husema *mbwa* kama sisi. Neno likifanana namna hiyo kutoka bahari hii hadi pwani ya magharibi, maana yake lilikuwako kabla Wabantu hawajatawanyika, na mnyama mwenyewe walikuwa naye. Mababu walifika pwani na mbwa wao, na Uislamu ulipofika ulimkuta nyumbani.

Ushahidi wa pili ni methali zetu. Tunasema *mbwa hafi maji akiona ufuko*, yaani anayeiona nchi kavu hakati tamaa mpaka aifikie. Methali kama hiyo haitungwi na watu wasiotazama mbwa. Aliyeitunga alisimama pwani akamwona mbwa akiogelea, masikio yameinuka, macho yameelekea mchangani, akamwelewa. Tunasema pia *mbwa wa msasi mkali ni mkali pia*, na hapo tunaambiwa kazi aliyokuwa nayo, maana msasi ni mwindaji.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Mkulima wa pwani hushindana na nguruwe mwitu, ngedere na nyani. Usiku mmoja tu wa nguruwe kwenye shamba la mihogo unaweza kumwacha mama na watoto wake bila akiba ya kiangazi. Nyama ya nguruwe haikuingia chunguni mwa Muislamu, lakini nguruwe mwenyewe ilibidi asakwe, na hakuna aliyemsaka bila mbwa. Ilikuwa hivyo Digoni, na ilikuwa hivyo kwetu visiwani pia. Wasasi wa Unguja walikwenda msituni na mbwa kuwasaka nguruwe, na chui pia zama zile chui wakiwako. Hao walikuwa Waislamu, wana wa vyuo vya Qur'ani, na wakirudi walioga, wakabadili nguo, wakaenda kusali.

Mahali pake kwa mujibu wa dini

Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa wakifuata madhehebu ya Imamu Shafii. Ndiyo madhehebu ya Waswahili wengi hadi leo, na ndani yake hukumu ya mbwa ni nzito: majimaji yake, mate, jasho na vinginevyo, ni najisi kubwa. Kikigusa chombo au nguo, husafishwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Msingi wake ni hadithi sahihi ya chombo alicholambwa mbwa. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki, walio wengi Afrika ya Magharibi na Sudani, wao humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, na kuosha chombo mara saba wanakuchukulia kuwa ni ibada ya kutii amri. Tunalitaja hili ili dada atakayekaa na Waislamu wa kwingine asishangae wala asiwahukumu.

Lakini uzito wa najisi haukuwa ruhusa ya ukatili, na haukumfukuza mbwa katika maisha. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, inawaeleza vijana wa pangoni na mbwa wao kizingitini, ameinyosha mikono yake. Tulitazame neno kizingiti. Vijana walikuwa ndani na mbwa alikuwa mlangoni, pamoja nao lakini kwa nafasi yake, na Mwenyezi Mungu akamtaja ndani ya Kitabu kinachosomwa kila Ijumaa. Na hadithi zinazokataza kumweka mbwa nyumbani bila sababu zinabagua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba.

Watu wa pwani hawakuhitaji vitabu vikubwa kulielewa hili. Waliligeuza kuwa desturi. Mbwa ana ua wake, chombo chake na njia yake. Haingii chumbani, halambi sufuria, halali kwenye mkeka wa sala. Lakini hanyimwi maji, na ubavu wake haupigwi teke bila sababu. Somo aliyemfunda mwari josho la hedhi na la janaba, alimfunda pia namna ya kuosha chombo kilicholambwa na mbwa, maana katika nyumba ya mkulima jambo hilo lilitokea. Leo josho tunafundishwa, la chombo halitajwi tena, na mahali pa elimu pameingia woga.

Pangani, Agosti 1888

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe.

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Kampuni ikapewa kutoza ushuru na kuendesha utawala wa pwani kwa jina la Sultani. Mkataba ulianza kutekelezwa Agosti. Wakala wa kampuni Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Jina hilo linaeleza tabia.

Pangani ya wakati ule haikuwa kijiji cha kuamrishwa. Ilikuwa mji wa misafara ya bara, wa mashamba ya miwa kando ya mto, wa mashehe, wafanyabiashara na watumwa, na Liwali aliyewekwa na Sultani. Zelewski alidai bendera ya kampuni ipandishwe, na Liwali alipositasita, akaita askari wa majini kutoka manowari *Carola*. Askari waliingia mjini katika siku za Idi ya Kuchinja. Walipekua nyumba za watu wakimtafuta Liwali, wakaishusha bendera ya Sultani, na wakaingia msikitini na viatu miguuni, na mbwa pamoja nao.

Dada zetu, jaribuni kuiona Idi ile. Nguo mpya zimefukizwa udi, nyama inagawiwa nyumba kwa nyumba, watoto wanapita kutoa mkono wa Idi. Halafu mlango unapigwa teke na mgeni mwenye bunduki, na nyumba ya Mwenyezi Mungu inakanyagwa kwa buti.

Habari ilienea pwani nzima. Baada ya wiki chache watu wa Pangani walimfungia Zelewski na wenzake ndani ya nyumba, na ikabidi Jenerali Lloyd Mathews wa jeshi la Sultani atoke Unguja kwenda kuwatoa. Uongozi wa mapambano ukamwangukia Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani, na huko Saadani akasimama Bwana Heri wa Uzigua. Kampuni ilishindwa kabisa, na serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi. Pangani ilichukuliwa tena Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani Desemba mwaka huo. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4 ikaichukua pwani moja kwa moja. Zelewski naye alikufa Agosti 1891, jeshi lake lilipovamiwa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo.

Je, vita hivyo vilikuwa vya mbwa? Hapana. Walipigania ushuru, ardhi, biashara ya misafara, bendera, na nani ana haki ya kumwamrisha nani. Kwa nini basi mbwa ndiye aliyebaki katika masimulizi? Kwa sababu ushuru na mikataba ni mambo ya wakubwa na makaratasi, lakini mbwa msikitini kila mtu aliyaelewa maana yake, tajiri na mtumwa, mzee na mtoto. Ilikuwa ni kuwaambia: tunajua mna mipaka yenu, na hatuijali.

Na hapa kuna jambo la kutufikirisha. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mbwa walikuwa wakija na kupita msikitini, na watu hawakunyunyiza maji kwa ajili hiyo. Wanavyuoni wameeleza kwamba msikiti ule mwanzoni haukuwa na milango, na kwamba mnyama mkavu juu ya ardhi kavu haachi najisi. Basi mbwa wa jangwani aliyepita njia yake katika msikiti wa Madina hakuhesabiwa ametukana mtu. Mbwa wa Pangani pia hakutukana mtu. Aliyetukana ni yule aliyemwingiza. Tukimlaumu mnyama kwa kosa la Nyundo, tutakuwa tumemsamehe Nyundo bila kujua.

Mbwa wa kizungu na mbwa koko

Baada ya vita walikuja walowezi. Mkonge ulioletwa kutoka Florida mwaka 1893 ulienea kutoka kando ya Pangani hadi mpakani, na Jasini, jirani ya Horohoro, ikawa shamba la mkonge kabla haijawa uwanja wa vita kati ya Wajerumani na Waingereza Januari 1915. Pamoja na nyumba za mabwana wa mashamba alikuja mbwa wa namna nyingine, mwenye jina la kizungu, mwenye mnyororo, aliyelala barazani na kula nyama ambayo mkata mkonge hakuipata. Kazi yake ilikuwa kulinda mali ya bwana, na aliyembwekea zaidi ni mwenyeji.

Hapo ndipo lugha yetu ilipogawanya mbwa. Mmoja akawa *mbwa wa kizungu*, wa kuogopwa. Yule wa kwetu, mwembamba, wa rangi ya mchanga, mkia umejikunja, akabaki *mbwa koko*, wa kupigwa mawe. Matembezi ya jioni ufukweni na mbwa mwenye kamba shingoni yakawa alama ya Uzungu, kule Raskazone na kwingineko, na mtoto wa Kiislamu akajifunza kuvuka upande wa pili.

Tunaelewa kwa nini, ila tunaona pia kilichopotea. Msasi aliyemjua mbwa wake alizeeka. Mashamba yaligeuka viwanja. Mbwa alibaki bila mwenyewe, anakula jaani na dikoni, na mtu asiye na habari naye hana habari pia na ugonjwa alio nao.

Hasara tuliyoiona Pemba

Kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaanza. Duniani hukadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo ya binadamu si ngeni. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister Ufaransa mwaka 1885, miaka mitatu kabla ya mambo ya Pangani. Na njia ya kuukata ugonjwa ni moja, kuwachanja mbwa wenyewe. Wakichanjwa saba katika kila kumi, tena kila mwaka, maradhi hukosa pa kupita. Kuwaua hakukusaidia popote, maana wengine huja kujaza nafasi yao, nao hawakuchanjwa.

Pemba imelithibitisha hilo mara mbili. Watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani kuanzia 2010. Chanjo zilipofanywa kisiwa kizima kwa miaka minne mfululizo, ugonjwa ulikatika, na mbwa wa mwisho kuugua alikuwa Mei 2014. Alhamdulillah. Kisha watu tukasahau. Kampeni za chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Vipimo vya virusi vilionyesha kwamba kwa uwezekano mkubwa uliingia kutoka bara, tena mara mbili, mbali mbali. Uliendelea mpaka chanjo ya kisiwa kizima iliporudishwa na kuukata tena Oktoba 2018.

Bahari tunayoiona kuwa ukuta si ukuta. Mbwa husafiri chomboni kama mbuzi na kuku. Ndiyo maana anayevuka Horohoro na mbwa hutakiwa awe na cheti cha chanjo na kibali cha daktari wa mifugo. Anayempitisha kwa njia za panya, au kumpakia mashuani usiku, anaweza kuwa amepakia msiba wa mtoto wa mtu.

Nasi wanawake tuna nafasi kubwa hapa kuliko tunavyodhani. Mama ndiye anayeujua mkwaruzo mguuni mwa mtoto. Mama ndiye anayejua nyumba ipi ya jirani ina mbwa na lini alianza kubadilika. Mbwa asiyezoea kushikwa ni vigumu kuchanjwa, na mbwa hazoei kushikwa mahali ambapo kila mtoto hufundishwa kumrushia jiwe. Woga wetu, tunaoudhani ni dini, ndio unaoufungulia ugonjwa mlango.

Kwa bibi harusi anayekwenda kutembea

Sasa, dada, ukifika pwani ile na mwenzio, tembeeni. Maji yakipwa, mchanga wa Ushongo ni mpana na hewa ni ya kheri. Haya machache yatakutosha.

Mbwa mkavu akipita karibu nawe, au akigusa buibui kavu, hapana najisi iliyohama. Usikatishe matembezi, usikatishe na udhu wako. Kama hukuona mate wala unyevu, shikamana na kanuni ya wanavyuoni wetu kwamba yakini haiondolewi na shaka: nguo yako ilikuwa tohara, inabaki tohara. Mchanga wa ufukweni hivyo hivyo, usiwe na wasiwasi nao kwa sababu tu umeona nyayo.

Akikulamba, au akitoka baharini akajikung'uta maji yakakufikia, weka nguo ile kando, kisha uioshe mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Chukua vazi la ziada la kusalia na mambo yako yawe mepesi. Ukiwa na mashaka, muulize shekhe wako, usimuulize hofu yako.

Akikung'ata au kukukwaruza, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kuosha kwa tohara hakutoshi. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama ni aibu ya fungate. Usipake pilipili, usipake mafuta, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Usimkimbie wala usimtupie jiwe. Simama, tazama pembeni, mpe njia. Wengi wao hawana haja nawe, wanatafuta matumbo ya samaki. Baadhi ya nyumba za wageni hufuga mbwa. Ulizeni kabla ya kulipia, na mkitaka afungwe wakati wa chakula, semeni kwa upole. Hiyo ni haki yenu, na mwenye nyumba muungwana ataielewa. Na wewe mwenye mbwa, mfunge usiku katika fukwe ambazo kasa hutaga, kwani mbwa hufukua mayai, na kasa wa Pangani wamebaki wachache.

Sheria nayo iko. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Lakini sisi tulikuwa na sheria kabla ya hiyo. Tunajua habari ya yule mwanamke wa Bani Israili, mwenye madhambi yanayojulikana, aliyemwona mbwa akizunguka kisima ulimi nje kwa kiu. Alivua kiatu chake, akateka maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Hatukuambiwa alimwingiza nyumbani, wala hatukuambiwa alimkumbatia. Alimpa maji pale pale alipomkuta.

Hicho ndicho walichokijua wazee wa Digoni, wa Pangani na wa visiwani. Msikiti ulikuwa na kizingiti chake na nyumba ilikuwa na kizingiti chake, na mbwa mwenye kiu nje ya kizingiti alikuwa na haki ya maji. Nyundo alikuja akavunja kizingiti, watu wakapigana. Jiwe tunalomrushia mbwa wa ufukweni halilindi kizingiti chochote.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mapenzi na rehema, azitie nyoyo zetu huruma kwa kila chenye roho, na awalinde watoto wetu, wa bara na wa visiwani. Amin.